Shajara ya mradi: jedwali la programu za simu, kutoka Simon ya IBM hadi programu ndani ya programu

Februari, mwanzoni

Tumeanza. Mradi huu unatengeneza jedwali la wazi, kwa Kiswahili, linaloonyesha programu za simu zilizaliwa vipi, zikabadilika vipi, na kila moja iwekwe fungu gani. Tunawalenga wanafunzi wa kompyuta na wasanidi chipukizi. Mafunzo mengi ya kuanzia huwapa maneno matatu, yaani programu asilia (zilizoandikwa kwa ajili ya mfumo wa simu fulani), programu za wavuti (zinazofunguka kwenye kivinjari) na programu mseto (zinazochanganya njia hizo mbili), kisha huwaacha hapo. Mwanafunzi anafungua simu yake na kukuta kikokotoo kilichokuja nayo, ramani, mchezo, menyu inayotoka kwenye laini, na duka lililomo ndani ya programu ya kuchati. Maneno yale matatu hayamwezeshi kuvitenganisha.

Kwa hiyo swali letu ni la vitendo: ukishika programu yoyote ya simu, iwe ya 1994 au ya leo, uulize nini ili ujue ni ya aina gani?

Mpaka wa kwanza tumeshauweka. Tunahesabu programu inayomfanyia mtumiaji kazi aliyoitaka yeye. Mfumo endeshi wenyewe na msimbo unaoongoza redio ya simu viko nje. Kitabu cha majina, saa ya kuamsha, kikokotoo na mchezo viko ndani, hata kama vilikuja na simu na havifutiki. Mwenzangu anayejenga hifadhidata alipendekeza tuanzie 2008, mwaka Apple ilipofungua duka lake la programu, App Store, kwa sababu taarifa za kabla ya hapo zimetawanyika mno. Nimemwomba tusifanye hivyo. Anayeanzia 2008 huishia kuamini kwamba duka ndilo lililozaa programu, na uainishaji wake wote hufuata mafungu ya duka.

Februari, katikati: programu za kuzaliwa na simu

Mistari ya kwanza ya jedwali imejaa. Wa juu kabisa ni wa Simon ya IBM. Simu hiyo ilionyeshwa mwaka 1992 kwenye maonyesho ya COMDEX, Las Vegas, ikaanza kuuzwa Agosti 1994 nchini Marekani kupitia kampuni ya BellSouth. Ilikuwa na skrini ya kugusa, kalenda, kitabu cha anwani, kikokotoo, daftari, barua pepe na faksi. Ukimsomea mtu orodha hiyo bila kumtajia mwaka, atadhani unazungumzia simu ya miaka kumi baadaye. Betri yake iliisha baada ya takriban saa moja ya maongezi, na hilo tumeliandika mbele kabisa kwenye maelezo, kwa kuwa umeme uliobaki umekuwa ukiamua programu za simu zithubutu kufanya nini tangu mwanzo.

Mstari unaofuata ni wa mchezo wa nyoka, Snake, aliouandika Taneli Armanto kwa ajili ya Nokia 6110 mwaka 1997. Watu wawili waliweza kucheza pamoja kwa kuelekezeana simu zao, mawasiliano yakipita kwenye miale ya infraredi. Mamilioni ya watu waliujua mchezo huo bila kupakua chochote. Ulikuja ndani ya simu, haukusasishwa, na simu ilipokufa nao ulikufa.

Sifa ya kizazi hiki ni moja: mtengenezaji wa simu ndiye mtengenezaji wa programu. Msimbo unaingizwa kiwandani kwenye kumbukumbu ya kudumu, na mtu wa nje hana mlango. Nilipoanza kuandika mwaka wa mwisho wa kizazi hicho, nikaona hakuna mwaka wa kuandika. Bado kipo. Kwenye iPhone, mpaka iOS 10 ilipotoka mwaka 2016, mtumiaji hakuweza kuziondoa programu zilizokuja na simu hata kama hakuwahi kuzifungua. Basi hiki si kipindi kilichopita. Ni jibu mojawapo la swali la kudumu: nani aliiweka programu hii hapa, na nani anaruhusiwa kuiondoa? Swali hilo limeingia kwenye jedwali kama safu yake.

Machi, mwanzoni: kurasa, na menyu za kwenye laini

Mwaka 1997 Ericsson, Motorola, Nokia na Unwired Planet walianzisha jukwaa la WAP, njia ya kuleta kurasa za intaneti kwenye simu. Kanuni zake za kwanza zilitoka 1998, na Nokia 7110 ya 1999 ikawa simu ya mwanzo kuzibeba. Wazo lilikuwa zuri: programu ikae kwenye seva, simu ionyeshe kurasa ndogo tu. Utekelezaji wake uliwachosha watu. Mara nyingi kuingia WAP kulimaanisha kupiga simu ya data inayolipiwa kwa dakika, kwa hiyo mtumiaji alilipia hata muda wa kusubiri ukurasa ufunguke.

Japani walifanya tofauti, na sehemu hii ndiyo niliyoifurahia zaidi mwezi huu. Kampuni ya NTT DoCoMo ilizindua i-mode tarehe 22 Februari 1999. Malipo yalifuata kiasi cha data, si dakika. Kurasa ziliandikwa kwa toleo dogo la HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, kwa hiyo waliokuwa wakijua kutengeneza tovuti waliweza kuanza mara moja. Huduma za watoa maudhui zililipwa kupitia bili ya simu ya mteja, na DoCoMo ikabaki na asilimia 9 tu. Karibu kila kitu tunachokihusisha na duka la programu tayari kimo humo: mtengenezaji wa nje, njia rahisi ya kulipa, mgawanyo wa mapato unaojulikana mapema. Kilichokosekana ni msimbo wenyewe kukaa ndani ya simu, nao ukafuata 2001 DoCoMo ilipoongeza programu za Java kwenye huduma hiyo.

Tumeongeza pia aina ambayo orodha nyingi huiruka: programu inayoishi kwenye kadi ya laini. Kampuni ya simu huweka menyu kwenye kadi, na menyu hiyo huhama pamoja na kadi kwenda simu yoyote, hata isiyo na intaneti. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007 ilitumia njia hiyo, na ndiyo sababu iliweza kufika kwenye simu za bei ya chini kabisa bila kusubiri simu janja. Mtu akiniuliza kwa nini uainishaji usiishie kwenye "asilia, wavuti, mseto", huu ndio mfano ninaomtajia kwanza. Menyu ya laini haimo katika fungu hata moja kati ya hayo matatu.

Machi, mwishoni: Java, Palm, Symbian

Hapa kazi ilikuwa nzito, na naiandika kwa urefu kwa sababu ni sehemu inayosahaulika haraka.

Kuanzia 1996 vifaa vya Palm, kompyuta ndogo za mkononi, vilikubali programu za watu wa nje. Ulipakua programu kwenye kompyuta, ukakiweka kifaa kwenye kitako chake, ukabonyeza kitufe cha kulandanisha, na programu ikahamia. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, Motorola na Psion waliunda kampuni ya Symbian, iliyotengeneza mfumo endeshi wa simu wa jina hilohilo, na Nokia 7650 ya mwaka 2002 ikaleta mfumo huo kwa watu wengi pamoja na kamera. Kwa simu za kawaida njia ilikuwa Java ya vifaa vidogo, J2ME, ambayo kanuni zake za simu zilitoka mwaka 2000 chini ya Sun Microsystems. Programu ilikuja kama faili ya JAR. Simu nyingi za mwanzo za Nokia za familia ya Series 40 zilikataa faili inayozidi KB 64. Picha, sauti, viwango vyote vya mchezo na msimbo wenyewe vilipaswa kutoshea humo.

Ahadi ya Java ilikuwa andika mara moja, endesha popote. Hali halisi: skrini za vipimo tofauti, vitufe vyenye namba za ndani tofauti, na kila mtengenezaji na nyongeza zake za sauti na picha. Kampuni za michezo zililazimika kutoa matoleo chungu nzima ya mchezo mmoja, kila moja kwa kundi lake la simu. Kwenye jedwali letu hili limetupa kazi ya ziada, maana jina moja la mchezo linaweza kuwa faili nyingi zisizofanana. Tumeamua kwamba mstari wa jedwali unawakilisha jina, na chini yake matoleo yanaorodheshwa kwa familia ya simu.

Kufikisha programu kwa mtu kulikuwa mtihani wa pili. Tovuti kama Handango ziliuza programu za Palm, Symbian na Windows za mkononi, lakini mnunuzi alipaswa kujua kwa hakika simu yake ni modeli gani, alipe kwa kadi, apakue, ahamishe kwa waya au infraredi, kisha akubali maonyo ya usalama ambayo hakuyaelewa. Katika kila hatua watu walikata tamaa. Programu nzuri zilikuwepo na zilibaki mikononi mwa wachache wenye subira.

Kuna jambo linaloniuma katika sehemu hii. Faili nyingi za JAR za miaka hiyo zimebaki tu pale ambapo mtu binafsi alizitunza. Seva za kampuni za simu zilizoziuza zimezimwa, na pamoja nazo yamepotea majina ya waliozitengeneza. Jedwali lenye majina yasiyo na faili bado lina manufaa, ila mwanafunzi hawezi kufungua jina na kuona kilichokuwa ndani.

Aprili: mwaka 2008

Steve Jobs alitangaza iPhone tarehe 9 Januari 2007, ikaanza kuuzwa tarehe 29 Juni. Mwanzoni haikuwa na njia ya kuwekewa programu za nje. Wasanidi waliambiwa watengeneze za wavuti, zifunguliwe kwenye kivinjari cha Safari. Oktoba mwaka huohuo Apple ilitangaza kwamba itatoa zana za usanidi, zikatoka Machi 2008, na App Store ikafunguliwa tarehe 10 Julai 2008 ikiwa na programu 500. Wikendi ya kwanza ilipoisha, zilikuwa zimepakuliwa mara milioni 10. Android Market ilifuata Oktoba 2008 pamoja na simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, na ikapewa jina la Google Play Machi 2012. BlackBerry na Nokia walifungua maduka yao 2009.

Tulitumia muda mrefu kujadili ni nini hasa kilichobadilika mwaka huo. Mwenzangu anasema ni skrini kubwa ya kugusa. Mimi naona ni njia. Kutafuta, kulipa, kusakinisha na kusasisha viliwekwa mahali pamoja, ndani ya simu yenyewe, na mgawanyo wa mapato ukatangazwa hadharani: asilimia 70 kwa msanidi, 30 kwa Apple. Zile hatua zilizowakatisha watu tamaa wakati wa Java zikapungua hadi kugusa skrini mara mbili au tatu. Skrini ilisaidia, lakini Simon nayo ilikuwa na skrini ya kugusa.

Hoja yake ina uzito mahali pamoja, na nimeiandika kwenye maelezo. Vihisi vilizalisha aina ambazo awali hazikuwezekana. iPhone 3G ya Julai 2008 ilileta GPS, na kihisi cha mwendo kilikuwemo tayari. Mchezo unaoendeshwa kwa kuinamisha simu, au ramani inayojua uliposimama, hauna babu kwenye WAP.

Mabadiliko mawili yaliyokuja na duka hayasemwi vya kutosha. La kwanza: mwenye duka alipata mamlaka ya kukataa programu au kuiondoa. La pili: programu iliacha kuwa kitu kilichokamilika. Snake ya 1997 ni ileile mpaka leo kwenye simu yake. Programu ya dukani ni mfululizo wa matoleo, na mfululizo ukisimama programu hufa. iOS 11 ilipotoka mwaka 2017, programu za biti 32 ambazo hazikuwa zimesasishwa ziliacha kufunguka kabisa. Watu walikuwa wamezinunua. Tumeongeza safu ya "toleo la mwisho linaloendeshwa", na kwa programu nyingi za 2008 hadi 2012 safu hiyo inaishia kwenye iOS 10.

Mei, mwanzoni: Shazam yavunja jedwali

Mpaka sasa kila mstari ulikuwa na kisanduku kimoja cha "aina". Tulipofika kwa Shazam kisanduku kikashindwa.

Shazam ilianza Uingereza mwaka 2002. Ulipiga namba 2580, ukaelekeza simu kwenye muziki, simu ikakatika yenyewe, na muda mfupi baadaye ukapata ujumbe mfupi wenye jina la wimbo na msanii. Julai 2008 ilikuwa miongoni mwa programu zilizokuwepo App Store ilipofunguliwa. Mwaka 2014, kwa iOS 8, iliunganishwa na Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, ukaweza kuuliza wimbo bila kufungua Shazam. Apple iliinunua mwaka 2018, na kuanzia iOS 14.2 ya 2020 kitufe chake kinaweza kuwekwa kwenye paneli ya vidhibiti vya mfumo.

Kazi haijabadilika hata kidogo: taja wimbo huu. Umbo limebadilika kutoka namba ya simu, hadi programu ya dukani, hadi sehemu ya mfumo. Kisanduku kimoja kingetulazimisha ama kuigawa Shazam kuwa vitu vitatu visivyohusiana, ama kuficha mabadiliko hayo.

Tumeliondoa kisanduku. Badala yake kila programu inapimwa kwa mihimili isiyotegemeana: inafanya kazi gani, msimbo wake unakaa wapi, ilijengwa vipi, ilifika kwenye simu kwa njia gani, fedha zinaingiaje. Kila jibu lina mwaka wa kuanza na, pale inapohusika, mwaka wa kuisha. Historia na uainishaji sasa ni kitu kimoja, na mwanafunzi anaweza kuona aina ikihama mbele ya macho yake. Huu ndio uamuzi ninaouthamini kuliko mwingine wowote katika mradi.

Mei, mwishoni: nani anachora kitufe?

Mhimili wa ujenzi ulikuwa na utata mwingi, kwa sababu neno "mseto" limebebeshwa mambo yasiyofanana. Tulitafuta swali moja la kuyatenganisha, na lililofanya kazi ni hili: mtumiaji anapoona kitufe kwenye skrini, nani amekichora?

Katika programu asilia, mfumo endeshi ndio unaokichora, kwa kuombwa na msimbo ulioandikwa kwa lugha ya jukwaa hilo: Objective-C na baadaye Swift, iliyotangazwa 2014, upande wa Apple, Java na, tangu Google ilipoikubali rasmi 2017, Kotlin upande wa Android. Katika programu ya wavuti, kivinjari ndicho kinachochora. Katika mseto wa aina ya PhoneGap, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 2000 na baadaye kuwa Apache Cordova, ni kivinjari pia, ila kimefichwa ndani ya ganda la programu ya dukani na kupewa daraja la kuifikia kamera au anwani za simu.

Kisha ikaja familia ambayo vitabu vingi bado huichanganya na hiyo. React Native, zana ya kujengea programu iliyofunguliwa na Facebook mwaka 2015, humwezesha msanidi kuandika kwa JavaScript, lugha ya wavuti, lakini kitufe kinachorwa na mfumo wenyewe. Flutter ya Google, iliyofikia toleo la 1.0 Desemba 2018, haimwombi mfumo wala kivinjari. Ina injini yake na inachora kila nukta yenyewe. Mtumiaji hawezi kutofautisha kwa jina, ila anaweza kwa tabia. Mfumo ukibadilisha sura ya vitufe vyake, programu ya React Native inaweza kubadilika nao. Ya Flutter inabaki na sura yake mpaka msanidi aisasishe.

Swali hili linaeleza pia kwa nini Facebook yenyewe iligeuka. Programu yake ya iPhone ilikuwa ikionyesha kurasa za HTML5 ndani ya ganda, nayo ilijulikana kwa uzito. Agosti 2012 ikaandikwa upya kwa njia asilia, na mwezi uliofuata Mark Zuckerberg alisema hadharani kwamba kampuni ilikuwa imeitegemea HTML5 kupita kiasi. Simu za wakati ule zilikuwa na kumbukumbu ndogo, na kumpitisha mchoraji mmoja nyuma ya mwingine kulionekana kila ulipopitisha kidole. Simu za leo zina nguvu zaidi, kwa hiyo hukumu ya 2012 isisomwe kama sheria ya milele.

Wavuti nayo haikukaa kimya. Mwaka 2015 Frances Berriman na Alex Russell walilipa jina kundi la programu za wavuti zinazoweza kuwekwa kwenye skrini ya mwanzo, kufunguka bila mtandao na kutuma arifa: kwa Kiingereza progressive web apps. Siri yake ni msimbo mdogo unaobaki kwenye kivinjari na kuhifadhi nakala za kurasa. Twitter Lite ya 2017 ilitumia njia hiyo. Kwenye iPhone arifa za programu hizo zilisubiri hadi iOS 16.4 ya Machi 2023. Kwa hizi tumejaribu swali la mhimili mwingine: mtandao ukikatika, kinabaki nini? Ukurasa wa kawaida hauachi kitu. Hizi zinaacha sehemu kubwa ya huduma. Kwa hiyo upande wa mchoraji ziko pamoja na wavuti, upande wa makao ya msimbo ziko karibu na asilia, na jedwali la mihimili linayabeba yote mawili bila kugombana.

Juni: kazi na fedha

Mhimili wa kazi tulidhani ungekuwa mwepesi kwa sababu maduka yameshaugawa. Google Play inatenganisha michezo na programu nyingine, inampa msanidi fungu moja na kumruhusu kuongeza lebo hadi tano. App Store inamruhusu kuchagua fungu kuu na la pili. Tatizo ni kwamba fungu ni pia mahali pa kushindania nafasi. Aprili 2016 Twitter ilihama App Store kutoka mitandao ya kijamii kwenda habari, ikapanda hadi kileleni mwa fungu hilo. Programu yenyewe ilikuwa ileile. Fungu la duka linaeleza anayetaka kuonekana na nani. Tunalirekodi, kwa tarehe, kando na kazi halisi, ambayo tunaiandika kwa kitenzi: kutuma ujumbe, kutafuta njia, kupima mwendo, kucheza.

Vitenzi vimesaidia sana. Pokémon GO ya Julai 2016 ni mchezo, na pia hutembeza watu, husoma ramani na kutumia kamera. Ina vitenzi vinne na hakuna anayelazimika kukishindisha kimoja.

Upande wa fedha, WhatsApp pekee inajaza karibu mhimili mzima. Kwenye iPhone iliuzwa mara moja kwa dola 0.99, mwaka 2013 ikahamia ada ya mwaka, mwaka wa kwanza bure, Facebook ikainunua 2014, Januari 2016 ada ikafutwa, 2018 ikatoka programu ya biashara. Mstari mmoja, majibu manne, kila moja na tarehe yake. Ununuzi ndani ya programu uliingia App Store 2009, ukaruhusiwa kwa programu za bure Oktoba mwaka huo, na kuanzia hapo "bure" ikawa maelezo ya mlangoni tu. Angry Birds ya 2009 ilinunuliwa. Angry Birds 2 ya 2015 ilikuwa bure na ikauza ndani. Ukiziweka pamoja utaona hata mchezo wenyewe umebadilishwa ukubaliane na njia ya fedha: uhai unaoisha, kusubiri, kununua ili kuendelea. Naliona hili kuwa muhimu kuliko fungu lolote la dukani, maana linamgusa mtumiaji kila anapofungua.

Umri na ruhusa tumevipa safu za kawaida, bila kuvifanya mihimili. Tumerekodi kwamba kabla ya Android 6.0 ya 2015 mtumiaji alikubali ruhusa zote kwa pamoja wakati wa kusakinisha, na baada ya hapo zile nyeti huombwa moja moja wakati wa matumizi.

Julai: programu ndani ya programu

WeChat ilizinduliwa Januari 2011 kama programu ya kuchati nchini China. Tarehe 9 Januari 2017 ikafungua milango kwa programu ndogo: msanidi wa nje anaandika huduma yake, mtumiaji anaifungua ndani ya WeChat kwa kuchanganua msimbo wa mraba (QR) au kutafuta jina, bila kusakinisha. Apple ilikuja na App Clips kwenye iOS 14 mwaka 2020, vipande vya programu vyenye ukubwa usiozidi MB 10 mwanzoni.

Tulipozipitisha kwenye mihimili, jirani yake wa karibu katika jedwali zima alikuwa i-mode. Msimbo unaletwa unapohitajika, malipo yanapita kwa mwenye nyumba, msanidi wa nje anafuata kanuni zake. Tofauti ni kwamba mwenye nyumba wa 1999 alikuwa kampuni ya simu, na wa 2017 ni programu nyingine. Mhimili wa njia ya kufika sasa una majibu sita: kiwandani, laini, ukurasa, faili iliyohamishwa kwa mkono, duka, na programu mama. Jibu la duka limeanza kugawanyika, kwa kuwa tangu Machi 2024, kwa sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya, iPhone katika nchi hizo zinaweza kupokea programu kutoka maduka mengine.

Agosti: hali ya kazi

Toleo la majaribio limekamilika. Tumelipima kwa kuwapa watu wawili programu zilezile wazipange bila kushauriana. Mhimili wa ujenzi ulileta ubishi mdogo kabisa. Swali la kitufe linajibika. Ubishi mkubwa uko kwenye kazi, hasa kwa programu za kuzungumza na akili mnemba, kama ile ya ChatGPT iliyofika iPhone Mei 2023. Mmoja aliandika "kujibu maswali", mwingine "kuandika", na wote wana haki, kwa kuwa kazi inaamuliwa na anayeuliza. Kwa programu hizo tumeiacha safu ya kazi wazi na kuongeza swali chini ya makao ya msimbo: modeli ya akili mnemba inaendeshwa kwenye simu au kwenye seva? Hilo lina jibu la hakika, na linabadilisha mambo mengi, kuanzia faragha hadi betri.

Yaliyobaki ni matatu. Matoleo ya Java bado yana mapengo makubwa, hasa ya simu zisizo za Nokia. Maelezo ya menyu za laini yanahitaji mtu aliyewahi kuziandika, si aliyezitumia tu. Na jedwali zima linapaswa kusomeka kwenye simu yenye skrini ndogo bila mtandao, kwa hiyo mwenzangu ameanza kulijenga kama programu ya wavuti inayojihifadhi. Mstari wake ameshauongeza: mchoraji ni kivinjari, njia ya kufika ni ukurasa, fedha hakuna.